Mchumba Anataka Uvunje Bima Yako Uhamie Kwake?

Nawashukuru wote mlionitumia meseji kuhusu mada yetu ya mwezi uliopita, ile ya wanaume wanaoficha mishahara. Zilikuwa nyingi ile mbaya, na zile za matusi pia nimezisoma, msidhani zimepotea.

Kati ya hizo kulikuwa na moja ambayo haikuhusu mada kabisa. Imetoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Anasema hivi: "Anti, mimi ni mwalimu, nina miaka 33. Nina bima ya maisha niliyoikata miaka 7 iliyopita, sijawahi kukosa kulipa hata mwezi mmoja kwa sababu wanakata kwenye mshahara. Mwaka huu nimepata mchumba, nyumbani ameshajitambulisha. Yeye ni wakala wa kampuni nyingine ya bima. Ananiambia nivunje hii ya zamani nichukue kwake, eti ya kwake ni bora, na ni aibu mke wake mtarajiwa kuwa na bima ya wapinzani. Nikisita ananuna, anasema simwamini. Nifanyeje Anti?"

Mara ya kwanza nilicheka. Nikajisemea, kumbe siku hizi wivu umefika mpaka kwenye makampuni ya bima! Nilipoisoma mara ya pili sikucheka tena. Kabla sijakaa kwenye kiti hiki cha kuwashauri watu mambo ya nyumba zao, mimi mwenyewe niliuza bima. Na katika kazi hiyo niliwahi kumvunjia mtu bima yake ya miaka 9 ili nimuuzie yangu. Mtu mwenyewe ni aliyenilea.

Sijawahi kuliandika hili. Leo naliandika kwa sababu ya yule dada, na pia kwa sababu nimechoka kukaa nalo.

Ilikuwa mwaka 2010. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezunguka na bahasha ya kaki mpaka viatu vimeisha visigino, kazi hakuna. Rafiki akaniambia kuna kampuni inachukua mawakala wa bima. Nitakapoitaja "kampuni" humu, usinitumie meseji kuuliza ni ipi, sitakwambia. Mshahara hapakuwa na mshahara. Kulikuwa na kamisheni. Siku ya kwanza ya semina tulipewa karatasi, tukaambiwa tuandike majina 100 ya watu tunaofahamiana nao: ndugu, jirani, mliosoma wote, mnaosali wote, fundi cherehani wako. Mimi niliona ni zoezi tu la kujifurahisha. Kumbe ile karatasi ndiyo soko lenyewe! Kampuni haikuwa inanunua akili yangu wala digrii yangu, ilikuwa inanunua ile imani ambayo watu 100 walikuwa nayo kwangu. Ukishawamaliza hao 100, wengi wetu tulikuwa tunaacha kazi.

Namba moja kwenye karatasi yangu nilimwandika Baba Mdogo.

Huyu na mke wake ndio walionichukua mama yangu alipofariki nikiwa darasa la kwanza. Mimi namwita Baba tu, hiyo "mdogo" naandika hapa ili msichanganyikiwe. Alikuwa fundi mkuu wa karakana fulani pale Dar, mtu wa kunyoosha mambo yake. Alikuwa na bima ya maisha aliyoikata mwaka 2001, ya miaka 20, ya shilingi milioni 10. Kila mwezi 45,000. Hati yake aliitunza kwenye begi dogo la ngozi juu ya kabati, pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja cha Chanika. Sisi watoto tulikuwa tunajua: likitokea la kutokea, mama ashushe lile begi.

Nilikwenda Jumapili mchana, wameshakula. Shikamoo Baba, marahaba mwanangu, vipi kazi? Nikatoa makabrasha yangu. Bwana we, niliongea! Nilimwambia bima yake ni ya kizamani. Milioni 10 mwaka 2021 itakuwa hela ya nini? Yangu ni milioni 15. Halafu akiivunja ile ya zamani atapewa chake mkononi sasa hivi, amalizie msingi wa Chanika. Yote hayo, mpenzi msomaji, yalikuwa kweli kiaina. Hakuna sentensi hata moja ambayo ungeweza kunishitaki kwayo.

Sasa sikiliza nisiyoyasema.

Sikumwambia kwamba alikuwa ameshalipa kama milioni 5 na atarudishiwa milioni 3 na laki moja tu. Hili ni jambo ambalo watu wengi hawalielewi, ngoja nilieleze taratibu. Bima ya maisha yenye akiba ndani yake inakuwa na gharama kubwa mwanzoni. Kamisheni ya wakala, karatasi, vipimo, ofisi, vyote vinachotwa kwenye hela ya miaka ya mwanzo. Ndiyo maana mikataba mingi ukiivunja ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza huambulii kitu, au unaambulia vijisenti. Baadaye ndipo akiba inaanza kukua kwa kasi, na miaka ya mwisho ndiyo mitamu zaidi. Baba alikuwa ameshavuka ile miaka michungu. Mimi nikamtoa pale nikamrudisha mwanzo wa foleni, akalipe ile miaka michungu mara ya pili.

Sikumwambia kuhusu umri pia. Bima ya 2001 ilihesabiwa kwa mtu wa miaka 44. Yangu ilihesabiwa kwa mtu wa miaka 53, ndiyo maana ilikuwa 96,000 kwa mwezi. Nilimwambia bei imepanda kwa sababu milioni zimeongezeka. Nusu ya jibu hiyo. Nusu nyingine ilikuwa mvi zake.

Na sikumwambia kuhusu kamisheni. Kwenye bima ya maisha kamisheni nene ni ya mwaka wa kwanza; inayofuata inakuwa asilimia chache tu, kama ipo. Kwa hiyo wakala hanufaiki sana na mteja anayekaa. Ananufaika na mteja anayeanza. Ukilielewa hilo umeelewa kila kitu kuhusu yule mchumba wa Mwanza na kuhusu mimi. Kwa bima ya Baba nilipata kama laki 3 na elfu 80, nikanunua friji. Friji yangu ya kwanza maishani. Mama Mdogo alikuja kuiona na akapiga kigelegele mlangoni.

Lakini hayo yote ni hela, na hela inatafutwa. Kubwa lilikuwa kwenye fomu.

Fomu ya kuomba bima ya maisha ina maswali ya afya. Je, umewahi kutibiwa shinikizo la damu? Kisukari? Moyo? Nilikuwa nazijaza mimi, Baba anajibu huku anaangalia taarifa ya habari. Nilipofika kwenye presha akasema, "Si ile ya mwaka juzi? Ile ilikuwa kidogo tu, dawa zenyewe nimeacha." Nikamwambia, "Hiyo haihesabiki Baba." Nikaweka alama kwenye Hapana. Kwa kuwa bima yenyewe haikuzidi kiwango fulani, kampuni haikumpeleka kupimwa. Akasaini.

Naomba uelewe kwamba sikukusudia kumdhulumu. Niliamini kabisa kwamba haihesabiki. Nilikuwa na miaka 25, nina lengo la mwezi la kufikisha, na bosi wetu alikuwa anatuma meseji kila jioni: leo umefunga wangapi? Wakala asiye na mshahara ana kodi ya nyumba kama wewe. Nayasema haya siyo kujisafisha. Nayasema kwa sababu wengi mnadhani anayekushauri vibaya lazima awe tapeli mwenye miwani myeusi. Anaweza akawa binti yako, na anaamini anachokisema kwa sababu asipokiamini hatalala.

Baba alianguka bafuni Februari 2012. Kiharusi. Alikaa hospitali siku 4.

Alikuwa amelipa ada za miezi 15. Mikataba mingi ya bima ya maisha ina kipindi cha mwanzo, mara nyingi miaka 2, ambacho mtu akifariki ndani yake kampuni ina haki ya kurudi nyuma na kuchunguza kama aliyoyajaza kwenye fomu yalikuwa kweli. Baada ya hapo inakuwa vigumu sana kwao kuuliza, labda waonyeshe udanganyifu wa wazi. Ile bima ya 2001 ilishapita kipindi hicho zamani, hata presha yenyewe ilikuwa haijaanza. Ile yangu ilikuwa ndani ya kipindi. Wakaomba kadi ya hospitali. Wakaona 2008, presha, dawa. Wakaandika barua ya kurasa mbili. Madai yamekataliwa kwa kuwa mhusika alificha taarifa muhimu. Kampuni itarudisha ada zilizolipwa, shilingi 1,440,000.

Mama Mdogo aliisoma ile barua akiwa kwenye jamvi la msiba. Badala ya milioni 10 na faida zake za ziada, ambazo bima ya zamani ingemlipa bila maswali, akapata milioni moja na ushee. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kidato cha 3. Nyumba ya Chanika mpaka leo iko usawa wa lenta.

Mimi niliacha kazi mwezi uleule. Kila mtu alidhani ni kwa sababu ya uchungu.

Haya. Nimekunywa maji, tuendelee.

Baadaye nilianza kusoma kuhusu mambo haya, kama mtu anayesoma kuhusu ugonjwa alioupata. Nikakuta kwamba nilichokifanya mimi na karatasi yangu ya majina 100, wenzetu walikifanya kwa mamilioni ya watu. Marekani miaka ya 90 iliibuka kasheshe kubwa ya kampuni ya Prudential ya kulekule Marekani, ambayo haina undugu na Prudential ya Uingereza inayofanya kazi pia Afrika. Mawakala wake walikuwa wanawaendea wateja wa siku nyingi, wanawaambia akiba iliyomo kwenye bima yako ya zamani inatosha kununua bima mpya kubwa zaidi, wala hutatoa senti. Mteja anasaini. Akiba ya zamani inaliwa kulipia ile mpya, na ikiisha ndipo barua ya kudai hela inafika kwa bibi kizee ambaye alidhani alishamaliza kulipa. Kesi ilihusu bima kama milioni 10.7 zilizouzwa kati ya 1982 na 1995. Mwaka 1996 kampuni ilipigwa faini ya dola milioni 35, na makubaliano ya kuwafidia wateja, yaliyopitishwa na mahakama mwaka 1997, yaliigharimu zaidi ya dola bilioni 2.

Kinachonisumbua kwenye kisa hicho siyo zile bilioni. Ni kwamba wengi wa wale wateja walisaini wenyewe, kwa mikono yao, kwenye meza zao za chakula, mbele ya mtu waliyemkaribisha chai.

Australia nako mamlaka inayosimamia masoko ya fedha ilichunguza ushauri wa bima ya maisha na kutoa ripoti Oktoba 2014. Asilimia 37 ya ushauri ulioangaliwa haukufuata sheria. Na ulikuwa mbaya zaidi pale ambapo mshauri alikuwa analipwa kamisheni yote mwanzoni. Wakachukua hatua: kamisheni ya mwaka wa kwanza, ambayo ilikuwa inafika mpaka asilimia 100 na zaidi ya ada ya mteja, ikapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia 2018 mpaka mwisho wake ukawa asilimia 60 mwaka 2020. Na bima ikivunjika ndani ya miaka 2, wakala anarudisha hela. Mimi naipenda sana hiyo ya kurudisha. Ingekuwepo mwaka 2010 kwetu, na ingekuwa inahesabu pia wateja niliowatoa kwingine, ningefikiri mara mbili kabla ya kwenda na makabrasha yangu Jumapili.

Kwa huko Marekani majimbo mengi sasa yana utaratibu: wakala akitaka kukuhamisha lazima aseme kwa maandishi kwamba bima hii inachukua nafasi ya nyingine, akupe karatasi ya tahadhari usaini, kampuni ya zamani iarifiwe ili nayo iseme neno, na wewe una siku 30 za kubadili mawazo na kurudishiwa hela yako. Angalia hapo kwenye kampuni ya zamani kuarifiwa. Kule kazini kwetu jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa ni kuhakikisha mteja haongei na kampuni yake ya zamani mpaka amalize kusaini na sisi. "Watamchanganya," tulikuwa tunaambiwa.

Sasa mtu atanitumia meseji: Anti, kwa hiyo bima ikishakatwa ni kama ndoa ya kanisani, haivunjwi? Hapana, sijasema hivyo. Kuna wakati kuhama ni halali na ni busara. Wazee waliokata bima miaka ya 70 wanajua. Mwaka 1978 dola moja ilikuwa haifiki shilingi 10. Miaka 20 baadaye ilikuwa inapita 600. Mtu aliyejiwekea bima ya shilingi 20,000 akidhani anawaachia watoto nyumba, alikuja kukuta zinatosha godoro na mashuka. Halikuwa kosa la wakala, shilingi ndiyo iliyoanguka. Kwa mtu kama huyo kukaa kimya na bima yake ileile hakukuwa uaminifu, kulikuwa hasara. Kuna pia mwenye watoto wadogo watatu na bima ya akiba inayomla mshahara wote huku ikimpa kinga ndogo. Huyo pengine bima ya kifo tupu, isiyo na akiba, ingempa kinga kubwa zaidi kwa hela kidogo. Kuna aliyekuwa mvuta sigara akaacha. Kuna ambaye kampuni yake inayumba. Wote hao wana sababu, na wakala mwaminifu anayewaonyesha anastahili kamisheni yake bila kinyongo.

Ila hata hapo, mara nyingi siyo lazima kuvunja. Kama milioni 10 zimekuwa ndogo, unaweza kuziacha zilivyo ukaongeza bima ndogo ya pili pembeni. Baba alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. 45,000 alikuwa analipa, na 96,000 alizipata. Tofauti yake tu, 51,000, ingemkatia nyingine. Sikumpa wazo hilo kwa sababu lingenipa nusu ya kamisheni. Naliandika hilo kwa aibu kuliko yote niliyoandika humu.

Na kama hela imekaba, nenda kwenye kampuni yako mwenyewe kwanza uulize. Bima nyingi za akiba zilizokaa miaka kadhaa zinaruhusu uache kulipa bila kuvunja: ibaki hivyohivyo na kiasi kidogo zaidi mpaka siku yake ifike. Nyingine unaweza kukopa kwa dhamana ya ile akiba. Nyingine unaweza kupunguza ada. Mawakala wa kampuni pinzani hawatakwambia haya, na kusema ukweli hata wa kampuni yako mwenyewe wengine hawayajui.

Sasa turudi Mwanza, kwa mwalimu wangu.

Dada yangu, wewe umechanganyiwa vitu viwili kwenye chungu kimoja, na ninadhani mchumba wako amevichanganya kwa makusudi au kwa njaa, sijui kipi. Kimoja ni swali la bima: ipi inakufaa? Hilo lina majibu kwenye karatasi. Mwambie akuletee kwa maandishi ukurasa mmoja, upande huu bima yako, upande huu ya kwake: utarudishiwa shilingi ngapi ukivunja leo, ungepata ngapi ukimaliza, ukifa mwaka kesho kila moja inalipa nini, kila moja ina kipindi gani cha kuchunguzwa, na yeye anapata kamisheni ya shilingi ngapi. Hiyo ya mwisho asiiruke. Ukurasa huo upeleke kwenye kampuni yako ya sasa, wausome, waseme. Fomu ya afya ijaze mwenyewe, kwa mkono wako, na usifiche kitu, hata ile malaria iliyokulaza. Na mkataba mpya usipokuwa mkononi, umesomwa na umeeleweka, usikatishe makato ya zamani hata kwa mwezi mmoja. Ukiona mambo hayaeleweki, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyotuwekea Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Uliza pia kama mchumba wako amesajiliwa huko. Usimwonee haya, ni kazi yake kusajiliwa.

Kitu cha pili ni hilo la "huniamini". Hapo nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Mwanaume anayekupenda akiwa daktari hakufanyii upasuaji yeye mwenyewe. Anakutafutia daktari mwingine, kwa sababu anajua macho yake hayaoni sawasawa yakikuangalia wewe. Wakala anayekupenda angesema, mpenzi, mimi hapa nina maslahi, kaulize kwa mtu mwingine. Kama hawezi kusema hivyo kuhusu makato ya mwezi, utamwelewaje siku atakapotaka mkope kwa dhamana ya kiwanja? Sisemi umwache. Ninasema asubiri, na wewe uangalie anasubirije. Inawezekana ni kijana mzuri ambaye ana lengo la mwezi na bosi anayemtumia meseji kila jioni. Mimi nilikuwa kijana mzuri pia.

Nilipomaliza kuandika haya, nikaona siwezi kuyapeleka kwa mhariri kabla sijayasema kwanza kwa mwenyewe. Mama Mdogo hasomi gazeti hili, ila binti zake wanasoma. Jumamosi nikamwalika kwangu. Nikapika wali wa nazi, nikachoma samaki, nikazunguka wee, mpaka sahani zimetolewa. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu presha, kuhusu ile alama kwenye Hapana, kwamba Baba hakuficha kitu, alisema, na mimi ndiye niliyeandika vingine. Miaka yote hiyo wapo ndugu upande wa Baba wanaosema marehemu alidanganya mpaka akaikosesha familia yake hela. Mimi nilikuwa nasikia na nanyamaza.

Alikaa kimya muda mrefu, anavuta uzi uliochomoka kwenye khanga yake.

"Najua," akasema. "Ile barua waliambatanisha na fomu. Mwandiko ni wako. Nani alikuwa anakusahihishia madaftari darasa la pili?"

Nikamuuliza, sasa Mama, kwa nini hukusema?

"Na wewe ulikuwa msibani," akasema. "Nilikuwa nimeshazika mmoja."

Halafu akaniambia nimpe maji, ya baridi. Nikainuka nikaenda kufungua friji.

Dada wa Mwanza, akikuletea ule ukurasa, niandikie. Na asipouleta, niandikie pia.